Mashine ya kufulia ya mlango wa juu: fuata maji kwanza

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tunazungumzia mashine ya kufulia ya mlango wa juu, ile otomatiki ya ngoma moja. Zile za ngoma mbili, unazohamisha nguo kwa mkono kwenda kukamulia, tutaziwekea siku yake. Kaka Hamisi, karibu.

HAMISI: Ahsante, dada Rehema. Nianze na jambo moja. Mashine hizi zikigoma, neno la kwanza utakalosikia ni "bodi imekufa", yaani ile saketi ya umeme inayoiamuru mashine. Bodi hufa kweli, hasa umeme unaporuka. Lakini ukiyafuata maji, yanavyoingia, yanavyopimwa na yanavyotoka, hitilafu nyingi utakutana nazo njiani kabla hujafika kwenye bodi. Na bodi ndiyo kifaa cha bei, kwa hiyo usikubali inunuliwe kabla maji hayajakaguliwa.

REHEMA: Basi tuanze yanapoingilia. Hali inayojulikana sana Dar: nyumba inatumia simtanki, mashine inawashwa, maji yanaingia kama uzi. Baada ya muda inalia na kuandika IE kama ni LG, au 4C au 4E kama ni Samsung.

HAMISI: Hiyo ni presha. Kila mita moja ya kimo, kutoka usawa wa maji ndani ya tenki hadi vali, ile koki ya umeme inayoingiza maji nyuma ya mashine, inakupa presha ya takribani baa 0.1. Vali nyingi zinataka angalau baa 0.3, yaani mita 3. Sasa kumbuka vali iko juu, karibu mita moja kutoka sakafuni. Tenki likikaa kwenye stendi ya mita 2, kimo kinachobaki hadi kitako cha tenki ni mita moja tu. Likijaa unapata mita 2 hivi, pungufu ya 3 lakini huenda ikafua kwa kusuasua; likikaribia kuisha unabaki na moja. Ndiyo maana utasikia mtu anasema mashine yake asubuhi inafua, jioni inagoma. Mashine haina tatizo. Maji yameshuka tenkini.

REHEMA: Na presha ndogo haileti taabu wakati wa kuingiza maji tu.

HAMISI: Kabisa. Ndani ya vali kuna kiwambo cha mpira, na maji yenyewe ndiyo yanayokisukuma kifunge. Presha ikiwa ndogo mno, kiwambo hakikai sawasawa, na maji yanaendelea kudondoka ndani ya ngoma hata mashine ikiwa imezimwa.

REHEMA: Dawa yake?

HAMISI: Kabla ya kugusa tenki, safisha kichujio. Chomoa umeme, funga koki, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine. Chungulia ndani ya mdomo wa vali, utaona kikombe kidogo cha plastiki chenye wavu, kinatosha kichwa cha kidole. Kina kijiti katikati. Kishike kijiti hicho kwa koleo la mdomo mwembamba, vuta taratibu, usipinde. Kwa maji ya kisima utakuta mchanga mwembamba na maganda ya kutu yameziba wavu wote. Kisugue kwa mswaki wa zamani, kirudishe. Usiache kukirudisha, kwa sababu mchanga ukipita utakaa chini ya kiwambo na vali haitafunga tena. Kama wavu ni safi na maji bado ni uzi, hapo ndipo unainua tenki, au unafunga pampu ndogo ya kuongeza presha inayojiwasha koki ikifunguliwa. Zipo pia vali zilizotengenezwa kwa presha ndogo, unabadilisha vali peke yake.

REHEMA: Na siku ambayo nguo zimeshalowa na maji hayaji, mlango wa juu una faida yake. Bonyeza kitufe cha kuanza, kisha mimina kwa ndoo moja kwa moja ndani ya ngoma. Sensa, kile kifaa kinachopima kiwango cha maji, haijali maji yametoka wapi. Yakifika kiwango, inaanza kuzunguka. Wakati wa kusuuza utamimina tena. Angalia tu yasimwagikie kwenye paneli ya vitufe.

HAMISI: Tuiseme kidogo hiyo sensa. Kutoka chini ya ngoma ya nje kuna mrija mwembamba unaopanda hadi nyuma ya paneli. Maji yakipanda yanabana hewa ndani ya mrija, na sensa inaisoma ile hewa. Mrija ukitoboka au ukichomoka, hewa inapotea, mashine inadhani ngoma ni tupu na inaongeza maji mpaka yamwagike. Ukiziba kwa uchafu wa sabuni, itasoma maji ambayo hayapo. Uchomoe kwanza kwenye sensa ndipo uupulize. Ukiupuliza ukiwa bado umechomekwa, utaiua sensa.

REHEMA: Kuna kipimo kimoja rahisi kwa mashine inayojaza bila kukoma.

HAMISI: Ndiyo. Maji yakiwa yanaingia, chomoa plagi ukutani. Yakiendelea kuingia, vali imekwama wazi, ibadilishe. Yakikoma, vali ni nzima, kuna kitu kinaiamuru, basi tafuta kwenye mrija, kwenye sensa, na mwisho kwenye bodi. Na kama yanaingia lakini hayapandi, tazama mpira wa kutolea. Yakitiririka huko, kuna kifungo, sarafu au soksi ya mtoto imekwama kwenye vali ya kutolea na haifungi.

REHEMA: Tumeshafika kwenye kutoa. LG huandika OE, Samsung 5C au 5E. Hapa kosa la ufungaji ni kubwa sana.

HAMISI: Kubwa mno, na linaniuma kwa sababu mtu analipia kipuri asichokihitaji. Mashine za mlango wa juu ziko za aina mbili. Zenye pampu, ambazo mpira wa kutolea unapandishwa juu kidogo, na kitabu chake kitakwambia kimo. Na zisizo na pampu, ambazo maji yanatoka kwa kuteremka yenyewe. Hizi za pili mpira wake ulale chini hadi kwenye shimo la sakafu. Ukiuning'iniza kwenye sinki, au ukiupitisha juu ya kizingiti cha bafu, maji hayapandi mlima. Yatabaki ngomani, na mashine haikamui nguo zikiwa ndani ya maji. Usiurefushe ovyo pia, na ncha yake isizame kwenye maji machafu.

REHEMA: Sasa mpira umelala vizuri, maji hayatoki, na nguo hazikamuliwi.

HAMISI: Vikikosekana vyote viwili kwa pamoja, kwenye mashine isiyo na pampu, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni mota ya dreni. Ni kimota kidogo chini ya mashine chenye waya wa chuma unaovuta. Ukivutwa unafanya kazi mbili kwa mpigo: unafungua vali ya kutolea, na unasogeza mkono wa klachi. Wakati wa kufua, klachi inaacha kisahani, kile kilicho chini ndani ya ngoma kinachozungusha nguo, kizunguke peke yake, ngoma ikiwa imefungwa breki. Wakati wa kukamua, breki inaachia na ngoma yote inazunguka na kisahani. Mota ya dreni ikifa, vali haifunguki na breki haiachii. Weka programu ya kukamua peke yake, tega sikio chini: utasikia mvumo mfupi, halafu "tk" ya kufika mwisho. Kama kimya, pima umeme kwenye waya zake. Umeme upo na haivuti, imekufa. Umeme haupo, hapo sasa naanza kuitazama bodi.

REHEMA: Na panya?

HAMISI: Panya wasisahaulike! Kitako cha mashine nyingi kiko wazi. Anaingia, anakata waya za mota na mrija wa sensa. Kama mashine yako ilikuja na bamba la plastiki la kuziba chini, lifunge siku ileile ya kwanza. Kama haikuja nalo, ziba kwa wavu wa waya wa matundu madogo, hewa ipite ya kupoza mota.

REHEMA: Umeme. Mashine inanguruma, kisahani hakizunguki.

HAMISI: Kwa zile ambazo mota inazungusha kwa mkanda: kapasita, mara nyingi, kile kifaa kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Ikichoka, mota inaunguruma bila nguvu ya kuanza. Mita ikisoma 8 kwenye kapasita iliyoandikwa maikrofaradi 12, itupe. Nunua yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za ile ya zamani. Inabaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo usishike miguu yake kabla haijatolewa chaji. Kama mota inazunguka ila kisahani kinasimama ukiweka nguo, tazama mkanda, au meno ya katikati ya kisahani yamelika. Zile za inveta zisizo na mkanda hazina kapasita hii. Na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, jamani: umbo la chuma, maji, sakafu mbichi. Soketi isiyo na ethi haifai kwa mashine ya kufulia.

REHEMA: Upande wa mtikisiko nitausema mimi. Mashine ikiandika UE, ni nguo kukaa upande mmoja. Blanketi moja zito peke yake litakusumbua, liongezee taulo mbili upande wa pili. Turubai, koti la mvua, shuka la plastiki, usikamue kabisa. Linashika maji kama bakuli, kisha yanamwagika kwa ghafla ngoma ikiwa kwenye kasi. Msukosuko wa kasi si mchezo: Novemba 2016 Samsung iliita zirudishwe au zirekebishwe mashine zake za mlango wa juu takribani milioni 2.8 huko Marekani, kwa sababu kifuniko kilikuwa kinaweza kung'oka wakati wa kukamua.

HAMISI: Na kama mzigo umekaa sawa, miguu minne imekaa sawa kwa pimamaji, bado ngoma inagonga ubavu, angalia fimbo nne zenye springi zinazoining'iniza. Bonyeza ngoma chini kwa mkono, achia. Nzuri inapanda mara moja na kutulia. Ikidunda mara tatu, nne, fimbo zimechoka. Badilisha zote nne, na uangalie rangi za springi, maana kwenye mashine nyingi za mbele na za nyuma hazifanani.

REHEMA: Sabuni: ya unga ya mashine, kwa nguo za kilo 5, vijiko vya chakula vinne vinatosha. Ya kufulia kwa mkono ina povu jingi, povu linachelewesha maji kutoka. Kila mwezi jaza maji hadi kiwango cha juu bila nguo, weka jiki kikombe kimoja, zungusha, acha saa moja, mwaga, suuza. Usichanganye na siki wala ndimu, hutoa gesi yenye sumu.

HAMISI: Na mara moja kwa mwaka, fungua ile skrubu moja ya katikati ya kisahani. Kivute juu kwa kamba mbili zilizopitishwa pembeni. Chini yake utakuta waya wa sidiria, sarafu, na tope la kijivu lenye harufu. Ukikuta maji ya kutu yanadondoka katikati chini ya mashine, na wakati wa kukamua inavuma kama kinu cha kusaga, sili ya shafti imeachia na beringi za klachi zimeingia maji. Hiyo usiicheleweshe, klachi nzima itakufa.

REHEMA: Mtu akitumwa Kariakoo kutafuta hiyo klachi?

HAMISI: Apige picha ile lebo ya nyuma yenye namba ya modeli yote, hadi herufi za mwisho, na abebe klachi ya zamani mkononi. Urefu wa shafti na idadi ya meno hutofautiana hata kwenye mashine mbili zenye jina moja na kilo zilezile.