Kuzunguka Ghuba ya Winam kwa Saa za Ziwa

Mhadhara uliotolewa Kisumu kwa kikundi cha walimu na jamaa zao wanaojiandaa kwa safari ya likizo ya Agosti

Hamjambo nyote. Wazee wangu, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kule dirishani, asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja.

Wiki iliyopita kamati yenu iliniletea ratiba ya safari. Nimeisoma mara mbili, na imeandikwa kwa bidii. Siku ya kwanza mnatoka hapa alfajiri, mnapita miamba ya Kit Mikayi, mnavuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita, mnazuru kaburi la mwanasiasa Tom Mboya kule kisiwa cha Rusinga, halafu saa tisa alasiri mnapanda boti kwenda kisiwa cha Mfangano. Yote hayo kwa siku moja. Hiyo saa tisa ndiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Ziwa letu la Viktoria, ambalo Ghuba ya Winam ni mkono wake, lina saa zake. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi huinuka, na ile ya ziwani, ambayo bado ni baridi, huja kushika nafasi yake. Kwa hiyo kuanzia adhuhuri upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na kadiri mchana unavyosonga ndivyo unavyozidi nguvu. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa haraka, maji hubaki na joto lake, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Babu zetu waliotumia matanga walizijua pepo hizo mbili, wa kuwatoa na wa kuwarudisha. Katikati ya pepo hizo, asubuhi, mara nyingi ziwa hutulia, na huo ndio wakati wa abiria.

Miaka mingi iliyopita niliongoza kikundi cha watu kumi na wanne kutoka Mfangano. Tulikuwa tuondoke asubuhi. Wenyeji wetu wakatupikia samaki aina ya ngege, tukala, tukaongea, tukapiga picha, na kufikia saa nane unusu ndipo tukashuka ufuoni. Hatukuwa tumefika mbali upepo ulipoanza. Mawimbi ya kwetu huku ni mafupi na yamesimama wima, hayana mgongo mrefu kama ya bahari, kwa hiyo boti haipandi na kushuka, inapigwa. Tulikuwa na watoto wanne na jaketi za kuokoa maisha tisa. Nahodha, kijana mtulivu sana, hakubishana na ziwa. Aligeuza boti, tukaingia kisiwa cha Takawiri, tukakaa hapo hadi kulipopambazuka. Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule kuna mama aliniuliza, "Mwalimu, ulihesabu jaketi kabla hatujapanda?" Sikuwa nimehesabu. Tangu siku ile sijapanda boti kabla ya kuhesabu jaketi na vichwa, na sipandishi mtu boti ya mbao baada ya saa sita mchana.

Kwa hiyo ninawaomba ile siku moja yenu muifanye siku tano. Najua mtasema gharama. Ila vyakula vya kijijini na malazi ya nyumba za wenyeji si ghali kama hoteli, na gari lenu halitachoka sana, kwa sababu safari yenyewe ni mzunguko. Mnatoka Kisumu kwa upande wa kaskazini mwa ghuba, mnavuka mdomoni mwake kwa feri, mnarudi kwa upande wa kusini. Ni vipande vichache tu vya barabara mtakavyovipita mara mbili.

Siku ya kwanza msiende mbali. Kit Mikayi iko pale pale kwenye barabara ya Bondo, nchi ya Seme. Wengi wenu mmeiona mkipita na matatu, mkasema ni mawe tu. Shukeni. Miamba ile imepandana kama mtu ameipanga kwa mkono, na jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Mikayi, kama mnavyojua, ndiye mke mkubwa katika boma la Mjaluo, akifuatwa na nyachira, halafu reru, na wenyeji watawaonyesha miamba hiyo kwa majina ya nyumba hizo. Mtakuta pia watu wamekuja kusali katikati ya mawe. Punguzeni sauti.

Mlale Bondo, ili kesho yake alfajiri muwe Kanyaboli. Hili ziwa dogo halikuwa kwenye ratiba yenu kabisa, na mimi ningependa kulitetea. Kanyaboli liko ndani ya kinamasi cha Yala, limezungukwa na mafunjo pande zote. Ndani ya mafunjo hayo kuna nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka, anayeweza kutembea juu ya tope asizame. Mkienda saa nne hamtamwona. Mkienda jua likichomoza, mkinyamaza, huenda mkamwona.

Lakini sababu yangu kubwa ni samaki. Wazee hapa wanakumbuka ngege wa asili wa ziwa kubwa, yule wa zamani kabla mbuta, yaani sangara, hajaja. Mbuta aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Akala samaki wa asili wa aina nyingi sana, na aina nyingine za ngege zilizoletwa nazo zikachukua makao. Ngege wa asili akapotea karibu kabisa kutoka ziwa kubwa. Kanyaboli mbuta hakuingia. Mafunjo yale yalimzuia, kwa kuwa maji ya ndani ya kinamasi yana oksijeni kidogo, hali asiyoweza kuivumilia. Kwa hiyo samaki ambaye bibi zetu walimpika bado anaishi pale, kwenye maji yasiyozidi kilomita za mraba kumi na kitu. Mimi kila nikikaa ukingoni mwa Kanyaboli nawaza kwamba kinamasi ambacho watu wanataka kukikausha wapate shamba ndicho kilichotuhifadhia urithi. Mkifika, mwambieni mvuvi awaonyeshe, na muwaeleze watoto wanachokitazama.

Kutoka hapo rudini Ndori mteremke hadi Luanda K'Otieno. Feri ni chombo kikubwa cha chuma, kinabeba magari, na upepo wa mchana haukitikisi kama boti ya mbao. Mnaweza kuvuka alasiri bila hofu. Pigeni simu mapema muulize safari za siku hiyo, halafu mfike kabla ya wakati, maana siku za soko magari huwa mengi. Mkiwa katikati ya maji simameni upande wa kusini. Milima ya Gembe na Gwassi inajipanga mbele yenu, na upande wa magharibi Rusinga na Mfangano zinaonekana kama migongo ya viboko. Kamera zote zitatoka hapo, najua.

Mbita na Rusinga zimeunganishwa kwa daraja. Zamani palikuwa na tuta la mawe lililozuia maji kupita kati ya kisiwa na bara, maji yakadumaa, magugu yakajaa, na wavuvi wakalalamika kwa miaka mingi. Daraja lilipojengwa mkondo ukafunguka tena. Simameni juu yake mtazame maji yanavyopita chini.

Rusinga mpeni Mboya muda wake. Kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi, na ndani kuna picha na vitu vyake. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, hajatimiza miaka thelathini na tisa. Kwa sisi walimu kuna jambo jingine: yeye ndiye aliyekuwa mbele katika mpango wa mwaka 1959 wa kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kwa ndege. Nikisimama pale nafikiria walimu na maprofesa waliotufundisha, ambao walipanda zile ndege.

Kisiwa hicho hicho ndipo mtafiti wa visukuku Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa kale asiye na mkia aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Mkitembea kwenye miteremko mtaona vipande vya mifupa iliyogeuka mawe vikiwa wazi juu ya udongo. Tazameni, msiokote. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inakataza, na jambo la maana zaidi ni kwamba mfupa ukihamishwa kutoka ulipolala unapoteza nusu ya habari zake.

Mlale Rusinga. Kesho yake, siku ya tatu, boti ya asubuhi kwenda Mfangano, na mlale huko huko. Watu wengi huenda na kurudi siku moja, na hapo ndipo wanapolazimika kurudi na upepo wa mchana. Isitoshe, wanakosa usiku.

Nisikilizeni hapa, maana hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Omena, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na betri. Taa inawekwa juu ya kielea, wadudu na omena wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unazungushwa. Mkikaa mlimani Mfangano usiku wa giza mtaona ziwa limewaka kama mji. Lakini mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa unashindwa na mwanga wa mbinguni, omena hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuchagua tarehe, tazameni kalenda ya mwezi. Chagueni siku za giza. Agosti ni nzuri kwa sababu nyingine pia: kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane, na Agosti unafunguliwa. Mtakuta fuo zina uhai, akina mama wakitandaza omena juani, bei zikipigwa kwa sauti. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu aliye kazini, na mkitaka kununua, nunueni kwao pale pale.

Mchana wa Mfangano ni wa kupanda. Kuna michoro ya kale ya Kwitone na Mawanga, duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, ambayo inasemekana ilichorwa na Watwa waliokuwa wawindaji kabla ya Wasuba, wenyeji wa leo wa kisiwa, kufika. Anzieni kwenye makumbusho ya amani ya jamii ya Abasuba, mchukue kiongozi hapo. Msiende peke yenu: njia zinapita kwenye maboma ya watu, na sehemu zile zina heshima yake, kwani wazee walikuwa wakiomba mvua huko. Msikilizeni kiongozi wenu anavyosema. Kisuba ni lugha ya Kibantu, na Wasuba wengi sasa wanazungumza Kijaluo. Ukimpata mzee anayeongea Kisuba, kaa naye. Hilo halimo katika ratiba yoyote, lakini nimewahi kuacha mlima kwa ajili yake na sikujuta.

Siku ya nne rudini asubuhi, mwendeshe hadi Homa Bay. Mkiwa na nafasi, ingieni Ruma, kwenye bonde la Lambwe, hifadhi ya kilomita za mraba 120, ambayo ndiyo pekee nchini yenye korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili. Wamebaki wachache mno, kwa hiyo mkikosa kuwaona msimlaumu dereva. Vaeni nguo za rangi hafifu; mbung'o wanapenda buluu na nyeusi. Malipo ya lango ni kwa mtandao, hayapokelewi kwa pesa taslimu, basi lipeni mkiwa bado mna mtandao mzuri.

Siku ya tano, ya mwisho, ni ziwa dogo la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Mmesikia hadithi: bikizee alifika kijijini usiku wa ngoma akanyimwa mahali pa kulala, mwanamke mmoja tu akamkaribisha, na mvua ikakizamisha kijiji kizima isipokuwa mwanamke huyo aliyeambiwa aondoke. Wanajiolojia wanasema ni shimo la mlipuko wa volkeno. Mimi nawaeleza watoto habari zote mbili. Maji yake ni ya magadi, ya kijani kibichi kwa sababu ya mwani, na heroe huja kuula. Unaweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Kisha Kendu Bay, chai, na barabara ya Katito na Ahero hadi nyumbani.

Mengine ni mafupi. Vyandarua kila mnapolala. Msioge wala kuvua viatu kwenye maji tulivu yenye magugu, maana kichocho kiko huko. Gugumaji husukumwa na upepo na kuziba ghuba ndogo kwa saa chache tu, kwa hiyo boti ikichelewa kutua, muwe na subira. M-Pesa inafanya kazi visiwani, lakini bebeni pia noti ndogo ndogo.

Mwalimu mweka hazina, naomba ratiba. Pale palipoandikwa saa tisa, futa, andika saa moja asubuhi, siku ya tatu. Na pembeni uandike: kuhesabu jaketi. Sasa maswali. Mama aliyevaa kitambaa cha manjano aliinua mkono kwanza.