Fedha za Dharura za Korona na Wafugaji wa Kaunti ya Nobles

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu na ndugu wanafunzi,

Mada niliyopewa ni fedha ambazo serikali ya Marekani iliwalipa wakulima na wafugaji wakati wa janga la korona. Nimeona ni heri niieleze kupitia kaunti moja, Nobles, iliyoko kusini-magharibi mwa jimbo la Minnesota, nchi ya mahindi, soya na nguruwe.

Aprili 2020 machinjio ya kampuni ya JBS mjini Worthington, ambayo kwa kawaida huchinja nguruwe wapatao 20,000 kwa siku, yalifungwa kwa sababu ya maambukizi miongoni mwa wafanyakazi. Nguruwe hasubiri soko: aliyefikia uzito wa kuuzwa huendelea kula, na watoto watakaochukua banda lake wamekwisha kuzaliwa. Kabla mwezi haujaisha, sehemu ya kiwanda ilifunguliwa ili kuua nguruwe ambao nyama yao haingeliwa na mtu.

Tarehe 17 Aprili Wizara ya Kilimo ilikuwa imetangaza mpango wa dola bilioni 19, na bilioni 16 kati ya hizo zilikuwa za kulipwa wazalishaji moja kwa moja. Maombi yakaanza kupokewa katika ofisi za kaunti tarehe 26 Mei. Kwa nguruwe waliokuwa bado bandani, mwenye mali alilipwa dola 17 kwa kila kichwa, kwa idadi ya siku aliyoichagua mwenyewe kati ya 16 Aprili na 14 Mei, naye bila shaka aliichagua siku ambayo mabanda yalijaa zaidi. Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo penye hoja yangu: mpango ulipima umiliki na wingi wa mali, haukupima hasara ya kaya. Katika eneo hili wapo wafugaji wengi wa mkataba, ambao banda, deni la benki na kazi ni vyao, lakini nguruwe ni wa kampuni. Kwa kuwa hawakubeba hatari ya bei ya soko, hawakustahili kulipwa, hata pale walipoletewa nguruwe wachache au mabanda yalipokaa matupu.

Kwa mahindi, kosa lilielekea upande mwingine, yaani kulipa kupita hasara. Awamu ya pili ya mpango huo, iliyotangazwa Septemba 2020 ikiwa na hadi dola bilioni 14, ililinganisha bei za katikati ya Januari na zile za mwisho wa Julai. Bei zilianza kupanda Agosti, lakini kanuni ilikuwa imekwisha kufunga hesabu. Machi 2021, mahindi yakiuzwa zaidi ya dola tano kwa busheli (kipimo cha nafaka), serikali iliongeza dola 20 kwa kila ekari, bila mkulima kulazimika kuomba upya. Silaumu kulipa haraka. Malipo ya dharura yanayosubiri ushahidi wa kila shamba humfikia mtu akiwa amekwisha kufilisika. Ninachokilaumu ni kwamba haraka hiyo ilimnufaisha mwenye ekari nyingi peke yake.

Wafugaji wa mkataba walitajwa katika sheria iliyotiwa saini Desemba 2020, na Agosti 2021 wizara ikatangaza hadi dola bilioni moja kwa ajili yao, wakati machinjio ya Worthington yalikuwa yamerudi kazini tangu Mei ya mwaka uliotangulia.