Lita Nne Hazijazi Kisima

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema. Najua hili la kuziba visima mmeshanisikia nikilisema barazani, sokoni, hata harusini. Leo mtalisikia tena.

Matangi ya mafuta yameshang'olewa, udongo mchafu umechukuliwa, maji yamepimwa mpaka vipimo vikatulia. Vizuri. Vimebaki vile visima vya kupimia, yale mabomba membamba yaliyozamishwa ardhini ili kuchota maji na kupima kama yana mafuta, na kila nikiuliza naambiwa, "Mzee, vile ni vijibomba tu, vifunikwe yaishe."

Vijibomba! Kuna kiwanja kimoja, sikitaji, fundi aliambiwa avizibe. Akakoroga zege zito kama ugali, akalitia kwa juu, akalilainisha kwa mwiko, na tarehe akaichora kwa msumari. Ukiitazama, kazi safi. Mimi nikamuuliza swali moja tu: kila kisima kimekula kiasi gani? "Kama lita 4, mzee. Havili sana." Haya, bomba lina upana wa milimita 50, kwenda chini ni mita 9. Pigeni hesabu. Ni karibu lita 18, dumu la lita 20 kasoro kidogo. Lita 4 hujaza mita 2. Zege lilikuwa limekwama njiani, na chini yake mita 7 hazina kitu. Tukakipasua kimoja kwa mtaimbo mrefu, nikateremsha nati kwa uzi. Ikashuka, ikashuka, mpaka tukasikia chubwi! Fundi akavua kofia akajikuna.

Sasa hiyo chubwi ndiyo maji yenyewe. Hapa Lamu hatuna mto. Tuna mvua inayozama kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ikakaa juu ya maji ya chumvi. Na petroli nayo huelea juu ya maji, kwa hiyo ikishuka kwa bomba lililoachwa wazi itatulia pale pale ndoo inapochota. Shirika la Afya Duniani halitaki benzini, sumu iliyomo ndani ya petroli, izidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mikrogramu! Jicho halioni kitu.

Kuna atakayesema, si tujaze mchanga, ardhi yetu si mchanga? Ndiyo, na mchanga ndio unaopitisha maji. Huyo ameweka chujio, hajaziba. Mwingine atasema viachwe vinyweshee punda. Punda wa watu wamekosa nini?

Teremsha mpira mwembamba hadi chini kabisa, usukume uji wa saruji iliyotiwa bentonaiti kidogo, ule udongo unaofura ukilowa, ili saruji isisinyae ikaacha ufa. Uji uwe unapanda kutoka chini, uyasukume maji yatoke yenyewe, mpaka juu utoke uji mtupu. Na uhesabu madumu.

Nilitaka kueleza mabomba ambayo nje yake hayakuzibwa vizuri, hayo mara nyingi hung'olewa, lakini mwenyekiti anatazama saa. Kukata bomba chini ya usawa wa ardhi, kuchora ramani, nayaruka. Ila kipimo cha mwisho cha maji kikubaliwe kwa maandishi kwanza, ndipo mzibe.

Uzi na nati ninavyo hapa mfukoni. Baada ya Alasiri nitakuwa kiwanjani. Mwenye dumu la lita 20 aje nalo.