Bendera Nusu Mlingoti: Kwa Nani, na kwa Siku Ngapi?

Zuhura: Assalaam aleikum, wasikilizaji wetu, na hamjambo nyote. Mimi ni Zuhura, niko hapa Mombasa pamoja na mwenzangu Kazungu, na leo tunazungumzia bendera ya taifa inapopepea nusu mlingoti: ni kiongozi gani anayestahili kushushiwa, na kwa muda gani. Kaka Kazungu, wewe uliwahi kuishika kamba yenyewe.

Kazungu: Niliishika nikiwa skauti shuleni, dada, na siku ya kwanza nilikosea mbele ya shule nzima. Nilidhani kwamba bendera ya msiba hufungwa tu katikati ya mlingoti, basi nikaivuta hadi hapo, nikakaza fundo. Mwalimu wa zamu alinirudisha. Bendera hutwekwa kwanza mpaka juu kabisa, ikatulia kidogo, ndipo ikashushwa polepole. Na jioni, kabla ya kuteremshwa, hupandishwa tena hadi kileleni. Kapi lilikuwa na kutu, likalia kama paka, na watoto wakacheka siku ya msiba.

Zuhura: Mwalimu huyo alikuwa na haki. Bendera ambayo haikufika juu haijashushwa kwa heshima ya mtu yeyote, imekwama tu. Sasa tuje kwenye swali letu. Hapa Kenya bendera hushushwa kwa tangazo la rais, na ukiyapanga matangazo hayo utaona kwamba kipimo hubadilika kila mara. Daniel arap Moi alipofariki tarehe 4 Februari 2020, bendera zilikaa chini mpaka siku ya mazishi, tarehe 12. Kwa Mwai Kibaki, mwaka 2022, ilikuwa vivyo hivyo. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta mwezi Aprili 2024, alitangaziwa siku 3, na Raila Odinga, mwezi Oktoba 2025, siku 7.

Kazungu: Kipimo kinachonitatiza ni hicho cha «mpaka siku ya mazishi». Kwa wenzetu wa bara, ambao maiti aweza kukaa wiki nzima huku kamati ya mazishi ikikutana, maneno hayo yana uzito. Lakini hapa Pwani, Muislamu akifariki alfajiri, mara nyingi baada ya sala ya adhuhuri watu wameshamsindikiza makaburini. Ukifuata kipimo hicho, kiongozi wa Kiislamu atashushiwa bendera asubuhi na magharibi maombolezo yamekwisha, si kwa sababu taifa lilimthamini kidogo, bali kwa sababu jamaa zake walitimiza wajibu wao haraka.

Zuhura: Na wala si Waislamu peke yao. Jenerali Ogolla alizikwa siku 3 tu baada ya ajali, kwa kufuata wosia wake, na Raila naye aliagiza azikwe mapema. Alifariki tarehe 15, akazikwa Bondo tarehe 19, lakini kwa kuwa siku 7 zilikuwa zimetangazwa, maombolezo hayakukatwa na mazishi. Tanzania walifanya hivyo kwa rais wao mstaafu, Mzee Ali Hassan Mwinyi: alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Unguja tarehe 2 Machi, na siku 7 za maombolezo zikaendelea baada ya hapo. Mimi naona huo ndio mwendo wa haki: idadi ya siku itajwe, na mazishi yaachiwe wenye maiti wao.

Kazungu: Naafiki. Niongeze jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Bendera ya Saudi Arabia haishushwi nusu mlingoti hata mfalme akifa, kwa sababu imeandikwa shahada. Mfalme Abdullah alipofariki mwezi Januari 2015 alizikwa siku hiyohiyo, katika kaburi lisilo na jina. Bendera za nchini mwake zilibaki juu, ilhali London zilishushwa kwa ajili yake, na Waingereza wakagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya jambo hilo.

Zuhura: Wamarekani walijaribu kuukwepa ugomvi wa namna hiyo kwa kuandika kanuni. Tangu tangazo la Rais Eisenhower la mwaka 1954, rais aliye madarakani au mstaafu hupewa siku 30, makamu wa rais, jaji mkuu na spika siku 10, gavana mpaka azikwe, na mbunge siku anayofariki pamoja na ile inayofuata. Faida ya kanuni hiyo ni kwamba iliandikwa kabla ya kujulikana ni nani atakayekufa, basi hakuna anayeweza kusema kwamba marehemu amepunjwa au amependelewa.

Kazungu: Lakini hata hiyo haikuwaokoa. Jimmy Carter alifariki tarehe 29 Desemba 2024, na siku 30 zake zikaangukia kuapishwa kwa Donald Trump tarehe 20 Januari. Trump alilalamika, na spika akaamuru bendera za bunge zipandishwe kwa siku hiyo moja, kisha zishushwe tena.

Zuhura: Sisi nasi tumeyaona. Maombolezo ya Malkia Elizabeth, yaliyotangazwa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2022 kwa siku 4, yalimalizika tarehe 12 Septemba, na kesho yake William Ruto akaapishwa. Na siku 7 za Raila ziliimeza Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba. Mimi sioni ubaya wake. Siku ya kuwakumbuka mashujaa yafaa sana kukutwa na bendera iliyoinama.

Kazungu: Sawa, ila kanuni ya vyeo ina upungufu wake. Rais Kibaki alipomtangazia Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, maombolezo ya kitaifa mwaka 2011, hakuwa akiheshimu kiti cha naibu waziri alichowahi kukikalia. Na huyu mwanazuoni wetu, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki Marekani mwezi Oktoba 2014 akarudishwa kuzikwa hapa, karibu na Ngome ya Yesu, ungemweka daraja gani katika ngazi ya vyeo?

Zuhura: Nisingemweka katika ngazi hiyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imezipa kaunti bendera zao. Basi ya taifa na ifuate kanuni iliyoandikwa, na ya kaunti ishushwe kwa wanazuoni, washairi na manahodha ambao mji wenyewe unawajua. Mombasa si ngeni wa bendera mbili, kaka: ile nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Ngome ya Yesu mpaka mwaka 1963.

Kazungu: Na katika kanuni hiyo iandikwe pia ni nani atakayempa taarifa askari wa langoni. Niliwahi kupita mbele ya ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikaikuta bendera iko nusu mlingoti na maombolezo yamekwisha zaidi ya wiki. Nikamuuliza mzee aliyekuwa zamu ni nani tena aliyefariki. Alinijibu kwamba yeye aliamrishwa kuishusha, na amri ya kuipandisha hajaletewa.