Koroboi Chini ya Ngazi

Ndugu mafundi, wasimamizi wa majengo, na ninyi vijana mnaosomea uhandisi, habari za mchana.

Kisa cha King's Cross mnakijua: London, Jumatano tarehe 18 Novemba 1987, kituo cha treni za chini ya ardhi, moto, watu 31 wakapoteza maisha. Historia ya kituo tuiache. Leo tuingie mahali ambapo abiria hafiki, chini ya vikanyagio vya eskaleta, yaani ngazi inayotembea yenyewe, namba 4, iliyokuwa ikipandisha watu kutoka laini ya Piccadilly hadi ukumbi wa tiketi.

Eskaleta ile iliwekwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vikanyagio vyake vilikuwa vya mbao, na kuta zake za pembeni zilikuwa za mbao. Kila kikanyagio kina magurudumu yanayotembea juu ya reli, kikivutwa na minyororo. Reli na mnyororo haviendi bila grisi. Sasa, kati ya kikanyagio na ubao wa pembeni pana mwanya. Kadiri ubao unavyochakaa na kulegea, mwanya unapanuka. Njiti ya kiberiti inapita hapo bila kugusa upande wowote.

Fikirieni vitu vingine vinavyopita kwenye mwanya huo siku nzima. Nyuzi za makoti, nywele, tiketi zilizochanika, karatasi za peremende, vumbi linalosukumwa na upepo wa treni. Vyote vinatua juu ya grisi. Tangu eskaleta iwekwe, njia ile ya magurudumu haikuwa imewahi kusafishwa ikaisha.

Hapa ndipo mafundi wengi hunikatiza: grisi haiwaki kwa njiti. Ni kweli! Chukua grisi safi, ipake kwenye bati, weka njiti inayowaka juu yake, itazimika. Lakini mafuta ya taa ndani ya koroboi nayo hayakupi mwanga mpaka utie utambi. Utambi unanyonya mafuta, unayapandisha kidogo kidogo hadi kwenye mwali, na mwali unakula mvuke wa mafuta. Nyuzi za nguo zilizolowa grisi ni utambi. Uchafu ule chini ya ngazi ulikuwa koroboi yenye urefu wa eskaleta nzima, ikisubiri mtu wa kuiwasha.

Wachunguzi walilijaribu jambo hili palepale. Waliangusha njiti zinazowaka kwenye eskaleta, uchafu ukashika, moto ukaanza kutambaa. Waliuacha kwa dakika 9 kisha wakauzima. Walipokagua mbao za pembeni walikuta sehemu 8 zilizoungua zamani, na njiti zilizokwishawaka zimelala kwenye njia ya magurudumu. Maana yake moto ulikwishaanza pale mara nyingi, ukafa wenyewe. Kila ulipokufa, watu walizidi kuamini kwamba hauna madhara.

Mtu atasema, dawa yake ni kupiga sigara marufuku. Zilikuwa zimepigwa! Baada ya moto wa kituo cha Oxford Circus, Novemba 1984, uvutaji ulikatazwa kwenye vituo vyote vya chini ya ardhi tangu Februari 1985. Lakini mvutaji aliyejizuia safari nzima aliwasha sigara yake akiwa juu ya ngazi, anakaribia kutoka, na njiti akaiangusha miguuni. Bango la marufuku linamzuia anayetaka kuzuiwa. Grisi iliyochanganyika na nyuzi haimjui nani mtiifu.

Mwingine atasema, eskaleta zetu za leo ni za chuma. Sawa. Hata London, ile ya mwisho ya mbao, kituo cha Greenford, iliondolewa mwaka 2014. Lakini mkanda wa kushikia ni mpira. Nyaya zina plastiki. Na uchafu ni uleule, kwa sababu watu bado wanavaa nguo na minyororo bado inakula mafuta. Kikanyagio cha chuma kinapunguza moto kukua, lakini moshi wa mpira ukijaa kwenye shimo lisilo na dirisha, abiria hataulizia kama ngazi ilikuwa ya chuma.

Kwa hiyo, kusafisha. Naomba msikilize kwa makini maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Funga ncha zote mbili kwa vizuizi, chini na juu, si upande mmoja. Ondoa vikanyagio viwili au vitatu ili upate nafasi. Nafasi hiyo ihamishwe hadi unapotaka kwa kidhibiti cha ukaguzi cha mkononi, na wakati inatembea mtu yeyote asiwe ndani. Ikifika, zima swichi kuu, ipige kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia. Ndani, kwangua kwanza, halafu fyonza kwa mashine, halafu futa. Anayeanza kwa kufuta anausukuma uchafu kwenye kona za reli, na huko ndiko utakakokaa miaka. Angalia treya za kukingia mafuta chini ya minyororo. Treya iliyojaa inakwambia kwamba kifaa cha kudondoshea mafuta kimefunguliwa kupita kiasi, kwa hiyo usimwage treya ukaondoka, rekebisha kifaa. Angalia chini ya bamba lenye meno, pale watu wanapokanyaga kushuka, maana uchafu mwingi wa viatu unaangukia hapo. Matambara yenye grisi yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na yatoke jengoni siku hiyohiyo. Nasema hivi kwa sababu yanaachwa chumba cha mashine, pembeni ya mota yenye joto!

Na andikeni. Moto uliojizima wenyewe uandikwe kuwa moto. Kule London walikuwa na neno lao laini kwa mioto ya namna hii, neno la kitu kinachofuka tu bila mwali. Ukishaliita jambo kwa jina dogo, unalipelekea mtu mdogo na ndoo ndogo.

Muda unakwenda, lakini mteremko wa ngazi lazima niuseme. Abiria alitoa taarifa mnamo saa moja na nusu usiku. Zimamoto wa kwanza walifika saa 1:42, wakakuta moto wa ukubwa wa boksi kubwa la karatasi. Saa mbili kasorobo ulilipukia ukumbi wa tiketi. Dakika tatu! Kompyuta za Harwell, kituo cha utafiti cha Uingereza, zilionyesha kwamba miali ililala ndani ya mfereji wa ngazi badala ya kusimama. Wataalamu wengi hawakuamini, hadi ulipojengwa mfano wa theluthi moja ya ukubwa. Ukawaka kama kawaida kwa dakika 7 na nusu, kisha miali ikalala na kurusha ulimi wa moto juu. Mteremko wa nyuzi 30 na kuta mbili za pembeni ndivyo vilivyoulaza. Inamisha njiti inayowaka kichwa kikiwa chini, utaona mwali unavyopanda ubao wake wenyewe. Joto linatangulia, linapasha mbao za juu zinatoa mvuke, na mwali ukifika hauhitaji kungoja. Ndiyo maana mtu aliyepima moto wa ngazi kwa ukubwa wake wa sasa amepima vibaya.

Haraka haraka yaliyobaki. Mfumo wa kunyunyiza ukungu wa maji ulikuwepo chini ya eskaleta. Haukufunguliwa, wahudumu hawakuwa wamefundishwa kuutumia. Abiria walipandishwa kwa eskaleta za laini ya Victoria, nazo zilitokea kwenye ukumbi uleule wa tiketi. Kwa hiyo kwenye ramani ya jengo lako, fuata kila njia ya kutokea hadi mwisho kwa kidole, uone kama zote zinakutana juu ya moto. Ripoti ya Desmond Fennell, mwanasheria aliyeongoza uchunguzi wa moto huo, ya mwaka 1988 ilitoa mapendekezo 157, someni angalau yale ya mafunzo. Feni na milango ya moshi tuyaache, sitayafanyia haki kwa dakika mbili.

Pale nje, kwenye mchanga, kuna bati mbili. Moja ina grisi safi. Nyingine ina grisi na nyuzi. Mtungi wa zimamoto uko pembeni na pini yake nimeikagua. Twendeni, na atakayeshika kiberiti asimame upande upepo unakotoka.