Kuvumwani na Livawoti Visiwani: Tuanze na Kimo cha Mlima

Mabibi na mabwana,

Tukiulizwa kwa nini kisiwa kimoja kimejaa kuvumwani na livawoti (mimea midogo ya mahali penye unyevu; kwa Kiingereza moss na liverwort) na kingine kina chache, wengi wetu hutaja umbali kutoka bara. Kwa miti ya mbegu nzito jibu hilo lina nguvu. Kwa mimea hii isiyo na mbegu wala mizizi ya kweli, naomba tuanze na kimo cha mlima.

Chukueni Réunion. Ni kisiwa cha volkano, takribani kilomita 700 mashariki ya Madagaska, na hakijawahi kuungana na bara lolote. Hata hivyo kina takribani spishi 800 za kuvumwani, livawoti na jamaa zao. Mlima wake mrefu kuliko yote, Piton des Neiges, una mita 3,070. Upepo wa baharini ukiupanda hupoa, na mawingu huulowesha msitu wa katikati ya mlima karibu mwaka mzima. Mlima Karthala, kule Ngazidja katika Komoro, nao umepita mita 2,300. Unguja iko jirani kabisa na bara, lakini haifiki hata mita 150. Haina ukanda wa mawingu, na kiangazi hukausha magome ya miti kabla livawoti nyororo hazijashika.

Spora, yaani chembe za uzazi za mimea hii, nyingi zina upana wa mikromita 10 hadi 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo upepo huzibeba mbali. Lakini kubebwa ni jambo moja, kufika hai ni jingine: angani kuna ukavu, baridi na mionzi ya jua. Wanasayansi Van Zanten na Gradstein walizijaribu spora za livawoti za Amerika ya kitropiki, wakachapisha matokeo mwaka 1988: spishi zilizoenea mabara kadhaa zilivumilia ukavu na baridi kuliko zile za eneo dogo.

Kuna kikwazo kingine, na kwangu ndicho kinachosahaulika mno. Zaidi ya nusu ya kuvumwani zina mmea dume na mmea jike uliojitenga, si viungo vyote viwili katika mmea mmoja. Spora moja ikitua peke yake huzaa kundi la jinsia moja. Kundi hilo laweza kutambaa kwa vipande vyake hadi likafunika mteremko mzima, lakini bila mwenzi halitoi spora, na kisiwa cha pili hakipati kitu.

Sasa kazi ya porini. Pandeni mlima mkisimama kila mita 200 za kimo. Kila kituo, pimeni viwanja vya mita 2 kwa 2, na ndani yake chukueni vipande vya sentimita 5 kwa 10 kutoka kwenye udongo, mwamba, gome, gogo linalooza na majani mabichi. Tumieni bahasha za karatasi. Ndani ya plastiki sampuli huota ukungu. Andikeni kwa penseli, maana wino huchuruzika. Livawoti zitazameni kwa hadubini zingali mbichi: vifuko vya mafuta ndani ya seli, vinavyosaidia sana kuzitambua, hupotea zikikauka.

Mjihadhari na orodha za zamani. Spishi moja imewahi kupewa jina tofauti kila kisiwa, kisha ikahesabiwa kuwa haipatikani kwingine. Linganisheni sampuli kwanza. Na kisiwa kinachoonekana maskini huenda hakijatafutwa vizuri: msituni Ngezi, Pemba, anzeni na majani ya zamani ya vichaka vya kivulini, mkiyakagua kwa lenzi ya mara 10, kwa sababu livawoti za juu ya majani hazionekani mtu akiwa amesimama.