Hela ya mwaka mmoja, kidonda cha miaka mia

MUSA: Haya karibuni tena ndugu zetu popote mlipo, mimi Musa, tupo Melbourne, baridi ya leo sio ya kitoto, na niko na dada yangu Zuhura. Dada shikamoo.

ZUHURA: Marahaba mdogo wangu. Kabla hatujaenda mbali niseme tu, leo tunaongelea ukatili ndani ya familia, kwa hiyo kama una watoto hapo karibu vaa iafoni kwanza.

MUSA: Ni kweli. Sasa hii mada imetoka kwa msikilizaji wetu mmoja, Mkongomani, yupo hapa Australia na familia yake. Ametuma voisi, anauliza hivi, kwa nini Waaborijini, wale wenyeji wa asili wa nchi hii, wanapewa fandi zao peke yao za kuzuia ukatili wa majumbani na kuponya walioumia, wakati serikali ina huduma za watu wote? Ameuliza kwa heshima kabisa, na mi nikasema hili swali nampelekea dada Zuhura maana yeye amefanya hesabu za mashirika ya jamii miaka mingi.

ZUHURA: Swali zuri na wengi wetu tunalo moyoni ila hatuulizi. Sasa Musa hebu fikiria hivi, we ni mama, umepigwa usiku, una watoto watatu ndani, simu unayo mkononi. Mimi na wewe tungepiga polisi, au angalau tungewaza kupiga. Mama wa Kiaborijini akishika ile simu anakumbuka bibi yake. Bibi yake alichukuliwa na serikali akiwa mtoto, akapelekwa taasisi akalelewa na watu asiowajua, na hii sio hadithi ya familia moja, ilikuwa sera, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 mpaka miaka ya 1970 huko, ndo wale wanaoitwa Vizazi Vilivyoibwa. Tume ya haki za binadamu ikaandika ripoti yake 1997, serikali kuu imekuja kuomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu alikuwa Kevin Rudd. Na mpaka leo watoto wa Kiaborijini wanaondolewa nyumbani kwa kiwango kikubwa mno kuliko watoto wengine. Kwa hiyo yule mama anapiga hesabu, nikipiga simu nitapona kipigo ila watoto wangu watalala wapi kesho?

MUSA: Duh.

ZUHURA: Na kuna mengine, polisi akifika anaweza amkute mama ana hasira, anapiga kelele, ana damu, halafu mwanaume ametulia anaongea vizuri, basi anayeandikwa mkosaji ni mama. Hilo limelalamikiwa miaka na miaka. Sasa huyo mama unataka aende kwa nani? Ataenda kwa watu wake, mahali akiingia hajielezi yeye ni nani. Takwimu za 2014–15 zilionyesha wanawake wa asili wa nchi hii walilazwa hospitali kwa sababu ya ukatili wa familia mara 32 zaidi ya wanawake wengine. Mara 32 Musa. Huduma za watu wote zilikuwepo muda wote huo.

MUSA: Ila hapo kuna mtu atasema si ndo mila zao, wanaume wao ndo walivyo.

ZUHURA: Hapana, na hilo naomba tulikatae kabisa hapa hapa. Wanaowapiga hawa akina mama ni wanaume wa kila asili, weupe wamo, wengi tu. Na Wazee wao wenyewe wanasema kumpiga mke sio mila yetu. Sisi Waafrika tunajua inavyouma ukiambiwa ubaya ndo utamaduni wako.

MUSA: Kweli kabisa. Haya tupe mfano wa hizo huduma, maana mtu anasikia "kuponya" anawaza labda mganga au maombi.

ZUHURA: Hapa kwenye jimbo letu la Victoria kuna shirika linaitwa Djirra, ilianza 2002 kama huduma ya wanasheria kwa Waaborijini waliofanyiwa ukatili, jina hili la Djirra wamelichukua baadae, ni neno la Kiwoiwurrung, lugha ya Wawurundjeri, wenyeji wa asili wa hapa Melbourne, maana yake ni yale matete ambayo wanawake wao wanasukia vikapu. Kiongozi wake wa miaka yote ni Antoinette Braybrook. Wana mawakili, ndiyo, lakini wana kitu kinaitwa Sisters Day Out ambacho mi nakipenda sana, ni siku nzima ya akina mama, wanakuja wanakandwa mabega, wanatengenezwa nywele, wanakula pamoja, wanacheka, na katikati ya hayo yote wakili yupo pale pale amekaa nao. Hakuna kufungua faili. Mama anaweza kuongea akitaka, asipotaka anaondoka na nywele nzuri na anajua siku ikifika aende kwa nani.

MUSA: Hiyo si kama wamama wanaposukana nywele barazani? Pale ndo siri zote zinatoka.

ZUHURA: Ndo hiyo hiyo! Na angalia neno familia wanavolielewa, kwao sio baba mama na watoto, ni shangazi, wajomba, babu, mabinamu, sisi tungesema ukoo. Mtu mmoja akipigwa ukoo mzima umeumia, kwa hiyo hata kuponya lazima kuguse ukoo. Sasa ofisi ya kawaida ina fomu ya mteja mmoja na dakika hamsini za ushauri nasaha. Haiingii.

MUSA: Sawa, sasa tuje kwenye hela.

ZUHURA: Hapa ndo roho yangu inauma. Nitakueleza nilichokiona mwenyewe, shirika silitaji, lilikuwa dogo, mi nilikuwa nashika vitabu vya hesabu. Mwaka wa fedha huku unaisha 30 Juni, si unajua. Ruzuku imekuja ya mwaka mmoja. Julai mkataba haujasainiwa, Agosti umesainiwa, Septemba Oktoba unatafuta mfanyakazi, na sio mfanyakazi yeyote, unataka mama anayejulikana na jamii, anayeaminika. Ukampata Novemba. Disemba na Januari watu wapo likizo. Februari akina mama ndo wanaanza kumzoea, wanaanza kumpigia simu kwa jina. Aprili anakuja ofisini kwangu anauliza dada Zuhura, hela ya Julai ipo? Nasema bado hawajatujibu. Ana kodi ya nyumba, ana watoto, Mei akapata kazi sehemu nyingine akaondoka, na mi simlaumu hata kidogo. Juni ndo barua ikaja kwamba ruzuku imeongezwa mwaka mmoja. Musa, Julai simu ikalia nikapokea mimi, mama anaongea kwa sauti ya chini kabisa anamuulizia yule mwenzetu kwa jina, nikasema hayupo tena lakini nitakuunganisha na mwingine. Akanyamaza. Akakata simu. Hakupiga tena.

MUSA: Yaani kwenye ripoti hiyo inaandikwaje?

ZUHURA: Haiandikwi popote. Kwenye ripoti imeandikwa idadi ya waliohudhuria semina, na zile fedha zote zimetumika sawasawa, ukaguzi safi.

MUSA: Mmh.

ZUHURA: Ndo maana mi siulizi tu ni dola ngapi, nauliza ni miaka mingapi na nani anaamua. Victoria walifanya uchunguzi mkubwa wa ukatili wa familia, Royal Commission, ikatoa mapendekezo 227 mwaka 2016, halafu 2018 jamii ya Waaborijini na serikali ya jimbo wakasaini makubaliano ya miaka kumi ya kupambana na ukatili huu, yanaitwa Dhelk Dja, mpaka 2028. Dhelk Dja ni maneno ya lugha ya asili ya Dja Dja Wurrung, maana yake mahali pazuri. Kuna vikundi 11 vya mikoa, watu wa jamii yenyewe wanakaa wanasema huku kwetu tatizo ni hili, na kuna mfuko wake wa ruzuku ambao unatambua kuponya kama kazi, sio kama nyongeza. Sisemi wamemaliza kila kitu, ila angalau mwenye kidonda anaulizwa panapouma.

MUSA: Na serikali kuu?

ZUHURA: Serikali kuu ina historia ya kutoa na kunyang'anya. Bajeti ya 2014 ilikata zaidi ya dola milioni 500 kwenye programu za watu wa asili. Mwisho wa 2019 wakaamua kusimamisha hela ya jukwaa la kitaifa lililounganisha mashirika kama Djirra, unajua ilikuwa shilingi ngapi? Dola 244,000 kwa mwaka. Hiyo hapa Melbourne hainunui hata nyumba.

MUSA: Kwa nchi tajiri hivi? Haya dada, kuna kitu kinanikwaza na nakuuliza kama mwanaume, nimesoma kuna ruzuku zinaenda kwa wanaume waliopiga. Mi nikasikia vibaya. Si hiyo hela iende kwa waliopigwa?

ZUHURA: Na mimi mwanzoni nilisikia hivo hivo. Ila kuna shirika la Waaborijini linaitwa Dardi Munwurro hapa Melbourne, wapo tangu 2000, wana nyumba ambayo wanaume wanakaa miezi kadhaa, na hawabembelezwi, mwanaume anasimama mbele ya wanaume wenzie na Wazee anasema nilichofanya ni hiki. Hakuna kujificha kwenye pombe wala kwenye aliyofanyiwa utotoni, ingawa na hayo ya utotoni yanafunguliwa, maana wengi ni wajukuu wa wale walioibwa. Kampuni ya wahasibu ya Deloitte walipiga hesabu 2021 wakakuta kila dola iliyowekwa pale inarudi na faida ya asilimia 50 mpaka 190, sababu jela ni ghali. Lakini mi hesabu yangu ni nyingine, mwanaume akitoka jela bila kubadilika anarudi nyumba ile ile kwa mke yule yule. Hela ya akina mama isiguswe, na hii iwepo pembeni yake.

MUSA: Hapo umenipata. Na ile ahadi ya kitaifa, ya kupunguza huu ukatili?

ZUHURA: Makubaliano ya Closing the Gap, yaani kuziba pengo kati ya watu wa asili na wengine, Julai 2020, lengo la 13 linasema ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa asili upungue angalau nusu ifikapo 2031. Na walisaini pia kwamba mashirika ya jamii yenyewe yataimarishwa. Tume ya Tija, Productivity Commission, chombo kinachoishauri serikali, ikapitia mwanzoni mwa 2024 ikasema serikali kwa sehemu kubwa zinaendelea kufanya kazi kama zamani. 2031 sio mbali, ukigawa kwa ruzuku za mwaka mmoja mmoja unaona yamebaki maswali mangapi ya Aprili, hela ya Julai ipo?

MUSA: Msikilizaji wetu nadhani amepata jibu. Na kama kuna dada au kaka anatusikiliza na nyumbani hakuko salama, tutaje namba.

ZUHURA: Simu ya msaada inaitwa 1800RESPECT, ni 1800 737 732, usiku na mchana, na ukisema unataka mkalimani wanakutafutia, we sema tu Kiswahili. Kama hatari ipo muda huo huo piga 000. Nairudia polepole mtu aandike. Moja, nane, sifuri, sifuri, saba, tatu, saba, saba, tatu, mbili.